Jinsi ya kupata vitu halisi vya mtandaoni vya kufundishia Kiswahili kwa wageni

Nilikua na mwanafunzi mmoja Mjerumani, mzuri tu, ngeli zote anazo kichwani, akaja Dar kwa mara ya kwanza akapanda daladala, usiku akanitumia meseji: mwalimu, mbona kwenye daladala hamna bomba la maji? Kumbe konda alimwambia "kaka shika bomba", yaani kile chuma wanachoshikilia abiria waliosimama, na yeye akawa anatafuta maji humo ndani. Nilicheka lakini moyoni nikaona aibu maana kosa ni langu, miezi nane nimemfundisha kwa mazungumzo ya kitabu ambamo kila abiria anasema "samahani bwana, basi hili linaenda wapi?" na hakuna binadamu anayeongea hivyo pale Ubungo saa kumi na mbili jioni.

Tangu hapo nikawa natafuta vitu ambavyo Waswahili wamewatengenezea Waswahili wenzao, sio vilivyotengenezwa kwa ajili ya mgeni anayejifunza. Nawapa njia zangu, kila mtu achukue kinachomfaa.

Kabla hujaenda mtandaoni anza na simu yako mwenyewe. Fungua meseji za M-Pesa. Pale kuna "imethibitishwa", "umepokea", "salio lako", kuna tarehe, kuna hela, yaani somo zima la darasa la wanaoanza liko kwenye mistari mitatu. Piga skrinshoti, futa majina na namba za simu (zifute kabisa, sio kuzipaka rangi nyepesi zikasomeka), uliza tu nani katuma, kiasi gani, kimebaki nini. Alafu chukua meseji ya LUKU. Hapo sasa ndo utamu, maana LUKU yenyewe ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na huwezi kuieleza bila kueleza tofauti ya "umeme umekatika" na "umeme umeisha". Mgeni akisikia umeme umeisha anadhani mtaa mzima giza, kumbe ni nyumba hiyo tu uniti zimekwisha na mtu anatakiwa atume hela. Na ukiwa na muda mwambie pia kwamba kwenye nyumba ya kupanga yenye mita moja, swali la nani kanunua mara ya mwisho ni ugomvi wa kudumu. Huo ni utamaduni, na hauji na picha ya Mmasai kwenye jalada.

Ukija kwenye kutafuta mtandaoni, kosa la wengi ni kutafuta kwa Kiingereza. Ukiandika kwa Kiingereza unataka mapishi ya Waswahili, utaletewa kurasa za watalii. Andika kama anavyoandika mtu wa kwetu akiwa na shida yake: "jinsi ya kupika maandazi laini", "bei ya mchele leo", "dawa ya kunguni", "salamu za rambirambi". Hapo ndo unakutana na mama anakanda unga huku watoto wanapiga kelele nyuma, na hizo kelele usizikate. Kingine, ukiandika site:go.tz na filetype:pdf alafu neno kama "tangazo" au "fomu ya maombi", Google inakuletea nyaraka za serikali ya Tanzania, fomu za kujaza, matangazo ya kazi, maelekezo ya wanafunzi wanaojiunga na shule yenye orodha ya vitu vya kuja navyo, ndoo, jembe, fagio. Ile orodha ya shule ya bweni peke yake nimeifundishia wiki mbili, maana Mmarekani anauliza kwanini mtoto anaenda shule na jembe na hapo mjadala umeshaanza wenyewe. Kenya ukifanya hivyo na go.ke vingi vitakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili cha Kenya mi nakitafuta zaidi kwenye gazeti la Taifa Leo.

Habari za redio kila mtu anazijua, BBC Swahili wapo tangu 1957 na Idhaa ya Kiswahili ya DW tangu 1963, sauti safi na mara nyingi unapata na maandishi. Ila tuambiane ukweli, kile ni Kiswahili cha studio, ukimlisha mwanafunzi hicho tu ataongea kama anasoma taarifa ya habari sokoni. Mi nakitumia zaidi kufundishia kutaja saa. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ambayo kwake yeye ni saa nane kwa hesabu ya kizungu, akikosea hapo mara moja hatosahau tena.

Kinachopuuzwa sana ni utabiri wa hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania wanatoa taarifa kwa Kiswahili, kuna ramani, kuna majina ya mikoa, maneno yanajirudia kila siku, na kitu kinachojirudia ni zawadi kwa anayeanza. Afu zile za msimu zinakupeleka kwenye vuli ya Oktoba mpaka Desemba na masika ya Machi mpaka Mei, na mgeni aliyezoea misimu minne anaanza kuelewa kwanini mkulima anaongea mwaka wake kwa mvua. Klipu hiyo hiyo nawapa wote: anayeanza anasikiliza majina ya mikoa tu anaweka alama kwenye ramani, wa kati anasema wapi kutakua na upepo mkali, aliyeiva anaigeuza kuwa simu anayompigia baba mkwe kumwambia asipande boti kesho, na hapo lazima aanze na shikamoo na kuulizia watu wa nyumbani kwanza, hawezi kurukia upepo moja kwa moja. Video yenyewe siigusi, siifupishi, ikiwazidi napunguza spidi kwenye YouTube iwe 0.75.

Mpira pia. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, watani wa jadi, angalia vichwa vya habari vya Mwanaspoti wiki ya dabi. Kila neno pale lina maana ya pili, Mnyama, Wananchi, Msimbazi, Jangwani. Mwanafunzi asipojua utani ni nini ataona ni matusi, kwa hiyo hapo mweleze na utani wa makabila, kwamba mtani anaweza kukutania mpaka msibani na hukasiriki. Wasiopenda mpira warukie kanga.

Kanga ni darasa tayari. Makumbusho ya British Museum wana kanga nyingi kwenye mkusanyiko wao wa mtandaoni, andika kanga kwenye sehemu yao ya kutafuta utaona picha na majina yake. Fundisha pindo la pembeni, fundisha mji wa katikati, alafu jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Usiulize tu maana yake, uliza nani kamvalia nani, siku gani, na jirani akiiona atajibu na kanga ipi. Nilishawahi kuona darasa zima la watu wazima wanagombana kwa kanga tu, kwa Kiswahili, dakika arobaini bila mimi kufungua mdomo.

Kwa wanaotaka vya zamani, chuo cha Northwestern cha Marekani wana mkusanyiko wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Angalizo, nyingi zimepigwa na wageni wa enzi za ukoloni na maelezo yake yanaongea kikoloni, kwa hiyo mi nayaficha, wanafunzi waandike ya kwao kwa Kiswahili, ndo tunalinganisha. SOAS ya London wana miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hiyo ni ya walioiva. Hadithi za watoto ziko kwenye tovuti ya African Storybook, bure na unaruhusiwa kuzitumia. Na tusisahau Kongo jamani, kuna ukurasa unaitwa Archives of Popular Swahili wenye maandishi ya Kiswahili cha Lubumbashi, mpe mwanafunzi aone kwamba Kiswahili hakiishii Kigoma.

Tahadhari moja ya skuizi, kurasa nyingi za "Kiswahili" zimetafsiriwa na mashine. Utazijua, ngeli zinapishana, salamu hazina mwenyewe, kila sentensi ni "ni muhimu kutambua kwamba". Ukikuta neno linakutia mashaka, kuna kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, yaani hazina ya maandishi unayoweza kutafuta neno ndani yake, toleo la pili lina maneno kama milioni 25, tafuta uone wenye lugha wanalitumiaje. Na kwa lugha ya mitaani angalia tarehe ya video, maneno ya mtaani yanazeeka haraka, usimfundishe mtu neno la miaka kumi iliyopita akaenda kuchekwa.

Haki za watu nazo. Kitu chenye leseni ya Creative Commons, yaani mwenyewe ameruhusu wengine wakitumie, tumia ila mtaje, kingine tuma linki usikinakili. Sauti za WhatsApp za shangazi yako akielezea pilau ni dhahabu kabisa lakini muombe kwanza, na umwambie nani atasikiliza, wengine wakijua wazungu watasikia wanageuza sauti inakua ya redioni, hapo muombe arudie kama anamwelekeza mtoto wake.

Na hifadhi mapema. Mi klipu yangu ya mnada wa samaki Feri, niliyoiandalia maswali usiku mzima, asubuhi ya somo nikaikuta imefutwa, ikabidi niwe mnadishaji mwenyewe mbele ya kamera na samaki sina. Sasa hivi ukurasa wowote naouona mzuri nauweka kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa, hapo hapo, video naandika pembeni ilikua inasema nini, na jina la faili naanza na mwaka, mji na kazi yake, mfano "2024 Tanga tangazo la msiba, salamu", kwa sababu ukiita "klipu nzuri 2" mwezi ujao hata we mwenyewe hutaipata.