Gazeti la ukutani la kufundishia insha

Mwanafunzi anayemwandikia mwalimu peke yake huandika apate alama, kisha hufunga daftari. Akijua wenzake watamsoma, huomba mwenyewe kurudia. Gazeti la ukutani, yaani makala za wanafunzi zilizobandikwa ukutani wenzao wazisome, linampa wasomaji hao bila kuhitaji umeme wala kompyuta.

Darasa la wanafunzi 60 ligawe makundi 10 ya watu 6. Kila wiki makundi mawili hutoa kazi zao, yaani makala 12, na baada ya wiki 5 kila mmoja amesomwa. Ukibandika zote 60 kwa mpigo, hakuna atakayezimaliza, hata wewe. Andaa manila 2, gundi, na nusu ya karatasi ya A4 kwa kila makala. Inatosha maneno 120 hivi.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni mada. "Umuhimu wa elimu" huzaa insha zinazofanana, zote zikianza na methali. Toa jambo dogo walilolishuhudia: foleni ya bombani, konda anavyorudisha chenji, mama anavyokanda unga wa chapati.

Jumatatu waandike rasimu kwa dakika 30. Jumanne wakae wawili wawili, kila mmoja asome kwa sauti kazi ya mwenzake huku mwenyewe akisikiliza. Msomaji akikwama, aweke nukta kwa penseli hapo hapo. Mara nyingi utakuta kituo kimesahaulika, au sentensi moja imebebeshwa mambo matatu.

Jumatano pitia wewe, usahihishe aina mbili tu za makosa: tuseme upatanisho wa kisarufi ("kitabu yangu" badala ya "kitabu changu") na "alieenda" badala ya "aliyeenda". Ukurasa ukijaa wino mwekundu, mwanafunzi hunakili masahihisho bila kuyafikiri. Alhamisi nakala safi, Ijumaa ukutani.

Maoni ndiyo yanayofundisha kuliko yote, kwa hiyo yasimamie. Kila msomaji aandike swali moja kwenye kikaratasi na jina lake. "Kazi nzuri" usiipokee. Aliyeandika "tulisubiri sana bombani" akiulizwa "maji yalipokatika, wa nyuma walifanya nini?", anapata aya nzima ambayo hakuijua kuwa anayo. Mpe dakika 20 Jumatatu inayofuata aiongeze, na alama zitoke kwenye toleo hilo.

Habari za nyumbani zisomwe kwanza na mwalimu, na anayetaka jina la bandia aruhusiwe. Kikaratasi cha dhihaka kibanduliwe papo hapo, aliyekiandika aitwe pembeni. Makala zilizoshuka ukutani zitunze kwenye faili pamoja na rasimu zake: darasa la mwakani litaona insha ilivyokuwa kabla ya kurudiwa.