Namna ya Kuendesha Pikipiki Katikati ya Madereva Wakorofi, Barabara ya Arusha hadi Moshi

Kila anayeendesha pikipiki kati ya Arusha na Moshi anayajua manyanyaso ya barabara ile: basi linalokuganda nyuma huku likipiga honi, Noah ya abiria inayokuchomekea kituoni, na gari linalotoka kuyapita mengine likakujia uso kwa uso kana kwamba hupo. Malalamiko yetu ni ya haki kabisa. Hata hivyo, dereva wa namna hiyo hutamrekebisha ukiwa juu ya pikipiki. Unachoweza kukilinda ni nafasi iliyokuzunguka.

Anza na mahali unapopita. Wengi wetu hujibana kushoto kabisa, ukingoni mwa lami, tukidhani huko ndiko kwenye usalama, kumbe dereva wa nyuma huichukulia nafasi tuliyoiacha kuwa ruhusa ya kutupita hata wakati gari lingine linakuja. Akikubana hapo, umebakiwa na lami iliyomeguka na changarawe iliyo chini yake, na tairi la mbele likishuka pale kwa kasi ni vigumu kulirudisha bila kuanguka. Pita katikati ya njia yako au kulia kidogo, ili uonekane kwenye vioo vya aliye mbele, ila karibu na vituo na makutano uwe macho, kwa sababu katikati ya njia hapo hudondoka oili. Basi likikuganda, usiongeze mwendo kwa hofu wala usilikomoe kwa kupunguza ghafla. Chagua mwenyewe mahali ambapo pembezoni pako sawa na lami, washa indiketa ya kushoto mapema, kisha lipishe, hata kama kosa ni lake.

Kwenye vituo vya Tengeru, Usa River na Boma Ng'ombe, usisubiri indiketa ya gari la abiria, maana mara nyingi haiwashwi. Tazama tairi lake la mbele: likianza kukunja kuelekea barabarani, gari linaingia, na wewe uwe tayari umeshika breki zote mbili taratibu. Mtazame na konda pia, kwani akigonga bati na kudandia mlangoni, safari imeanza. Usiku, malori mengine huwasha indiketa ya kushoto kukuashiria upite, lakini ishara hiyohiyo ndiyo ya kukata kona kushoto au kusimama, kwa hiyo usipite mpaka uone mwenyewe kwamba mbele ni peupe.

Hasira nayo inahitaji kudhibitiwa kwa hesabu. Katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki husafiri karibu mita 17 kila sekunde. Ukigeuka kumtukana dereva kwa sekunde mbili, umepita zaidi ya mita 30 bila kuangalia mbele. Kumfukuza ili umgongee kioo ni hatari zaidi, hasa ukiwa na abiria ambaye hakuuomba ugomvi huo.

Tuseme pia ukweli kuhusu sisi wenyewe. Tunapopenya kwenye kivuko cha waenda kwa miguu wakiwa katikati, au tunapopakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, tunawapa madereva sababu ya kutudharau wote. Linaloniuma zaidi ni tabia ya kulizingira gari lililomgonga mwenzetu na kutaka kumpiga dereva, kwa kuwa ndiyo inayowafanya wengine wakimbie badala ya kusimama, na majeruhi anabaki chini bila gari la kumwahisha hospitali. Mkifika mahali pa ajali, wawili wazuie magari, mwingine apige 112, namba ya dharura ya polisi, na mtu asimvue majeruhi kofia ngumu kwa kumvuta.

Dereva akikuhatarisha, simama mahali salama kwanza, kisha andika namba ya gari, saa, mahali na upande alikokuwa anaelekea. Ripoti kituo cha polisi, na kama ni basi la mikoani, peleka taarifa vilevile LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, kwa kuwa mamlaka hiyo ina mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi hayo, na saa na mahali ulivyoviandika vinaweza kulinganishwa na kumbukumbu zake.