Namna ya kuingiza msamiati na mjadala kwenye kipindi cha hesabu sekondari

Walimu wa hesabu tukisikia neno msamiati wengi tunaona hiyo ni kazi ya mwalimu wa lugha, sisi tuna topiki za kumaliza na silabasi inatukimbiza. Ila mwangalie vizuri mwanafunzi anayekwama kwenye swali la maneno, mara nyingi kukokotoa anajua kabisa, tatizo swali limesema "angalau" au "isiyozidi" na hapo ndo kapotea. Angalau 5 anaandika x < 5, manake kichwani kwake angalau inasikika kama kitu kidogo, sasa hapo hata ukimrudishia kanuni zote za milinganyo hutamsaidia kitu.

Kwahiyo anza na kuchagua maneno, na usichague mengi. Manne au matano kwa topiki yanatosha, ukiweka ishirini yataishia kunakiliwa kwenye daftari na hakuna atakayeyatumia. Kuna maneno ya hesabu tupu kama mlinganyo, kipeuo, pembe butu, haya hayana shida sana kwa sababu mwanafunzi anajua kabisa kwamba hayajui. Kuna maneno ya kuamrisha, thibitisha, rahisisha, kadiria, linganisha, haya tunayapita kila siku bila kuyafundisha alafu kwenye mtihani mtoto "anathibitisha" kwa kutoa mfano mmoja. Na kuna maneno ya kawaida ya mtaani ambayo hesabu imeyachukua ikayapa maana yake, haya ndo yanaumiza kuliko yote. Muulize mtu tofauti ya 9 na 4 ni nini, akikujibu moja ni witiri nyingine shufwa usimcheke, kwa lugha ya kawaida kapatia. Au kufanana: mraba na mstatili mrefu vyote vina pembe mraba nne, mtaani utasema vinafanana, kwenye jometri hapana kwa sababu uwiano wa pande haulingani. Uwezekano nao hivyohivyo, mtu anakuandikia 1.3 bila wasiwasi kwa sababu kwake uwezekano ni "labda", hajaambiwa ni namba isiyotoka nje ya 0 na 1.

Maneno pacha yafundishe siku moja, yakiwa pamoja. Kipeo cha pili cha 9 ni 81, kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, vigawe vyake ni 12, 24, 36 na kuendelea, vigawo vinaisha vigawe haviishi. Ukifundisha moja leo na lingine wiki ijayo watayachanganya mpaka wamalize shule.

Halafu maana iliyonyooka iletwe mwishoni, sio mwanzoni. Onyesha kwanza vitu vyenyewe, vilivyomo na visivyokuwemo, waache wabishane kinachovitenganisha, ndo uwape jina. Kuna chati nzuri ya kazi hii iliyotokana na Dorothy Frayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1969, unaandika neno katikati na kuzunguka unaweka visanduku vinne: maana, sifa, mifano, na mifano isiyo yenyewe. Kama muda ni mdogo mimi ningeacha vyote nibaki na hicho cha mwisho, kwa sababu ndicho kinachoanzisha ubishi. Chukua neno fanksheni, yaani kila x inatoa y moja tu, mwanafunzi mmoja aweke y = x², mwingine aweke x² + y² = 25 ambayo ni duara, aulizwe x ikiwa 3 y ni ngapi, atapata 4 na −4, na hapo darasa lote linaona kwa nini duara halimo, kabla hujafungua mdomo.

Sasa mjadala. Mjadala unakufa au unaishi kwenye swali. Ukiuliza 7 mara 8 ni ngapi hakuna cha kujadili, mmoja akishajibu wengine wananyamaza, na ndivyo maswali yetu mengi yalivyo. Uliza kitu ambacho mtu anaweza kukataa. Njia rahisi kuliko zote ni kuandika sentensi ubaoni na kuuliza hii ni kweli siku zote, mara nyingine, au kamwe? Kwa mfano "−x ni namba hasi". Nusu ya darasa itasema siku zote bila kufikiri, mpaka mmoja ajaribu x = −3. Au "pembetatu zenye eneo sawa zina mzingo sawa", hapo mtu analeta pembetatu ya 3, 4, 5 yenye eneo 6 na mzingo 12, mwenzake anachora nyingine yenye pembe mraba, kitako 12 na kimo 1, eneo ni 6 vilevile lakini mzingo unazidi 25. Au (a + b)² = a² + b², wakishaona kwa 3 na 4 inakuwa 49 upande mmoja na 25 upande mwingine wanakimbilia kusema kamwe, na hapo unawauliza vipi kama b ni 0.

Nyingine ninayoipenda ni ya kutafuta asiye mwenzao, ila upange vitu vinne ambavyo kila kimoja kina sababu ya kutolewa. Andika y = 2x + 3, y = 2x − 1, y = −x + 3, na y = x² + 3. Wa nne sio mstari ulionyooka, wa tatu unashuka, wa pili haukati mhimili wa y kwenye 3. Wa kwanza utawasumbua, waache wasumbuke, atatokea mtu aseme ndio pekee unaokata mhimili wa x upande wa hasi. Angalia maneno waliyotumia hapo bila kulazimishwa: mteremko, mhimili, kukata. Huo ndo msamiati, sio karatasi ya rangi iliyobandikwa ukutani ambayo hakuna anayeitazama.

Ukishauliza, nyamaza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alifuatilia madarasa, hasa ya sayansi, na miaka ya 1970 akaandika kwamba walimu walikuwa wanasubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kurukia kwingine, na kwamba wakisubiri 3 au zaidi majibu yanarefuka na wanafunzi wengi zaidi wanajitokeza. Sekunde tatu ni nyingi kuliko unavyodhani ukiwa umesimama mbele ya watu kimya, hesabu kimoyomoyo. Na kabla ya kuongea mbele ya wote waongee wawiliwawili kwa dakika moja au mbili, wale wakimya wanahitaji kujaribu sentensi yao kwa mtu mmoja kwanza, na wale wasemaji sana wanalazimika kusikiliza.

Jibu likitoka usiseme "sahihi" haraka, hata uso wako usitoe siri. Sema "nani arudie alichosema mwenzako kwa maneno yake?", au "nani haoni hivyo, hatua gani inakutatiza?", au "ungemwambiaje anayesema hapana?". Mwanafunzi akiongelea sehemu akasema "ile namba ya chini" badala ya asili usimkatize kumsahihisha, mrudishie "ehee, kwahiyo unasema asili ikiongezeka sehemu inapungua?" na neno limeshaingia bila kumwaibisha mtu. Kama darasa linajifunza kwa lugha ambayo sio ya nyumbani kwao, waache wafikiri na wabishane kwa lugha yoyote, kisha wakija kusema mbele ndo watumie maneno ya somo.

Kitu kidogo ambacho tunakidharau: kusoma alama kwa sauti. 3x + 2 = 14 isomwe yote, mara tatu ya namba fulani ukijumlisha mbili inalingana na kumi na nne. Alama ya = ilianzishwa na mwanahisabati wa Wales Robert Recorde mwaka 1557 kwa sababu alichoka kurudiarudia maneno ya kusema vitu viwili ni sawa, lakini wanafunzi wengi wanaisoma kama "jibu ni", ndo maana wanaandika 3 + 4 = 7 + 5 = 12. Mwambie aisome kwa sauti kwa kutumia "inalingana na", atasikia mwenyewe kwamba kasema 3 + 4 inalingana na 12.

Dakika nne za mwisho waandike. Sio notsi, swali moja tu, mfano "mweleze rafiki ambaye hakuja leo kwa nini x² + y² = 25 sio fanksheni", na lazima watumie maneno mawili ya wiki hiyo. Usisahihishe tahajia, tafuta sababu, na chagua karatasi mbili bila majina ufungulie nazo kipindi kinachofuata, moja nzuri na moja iliyokaribia. Kwenye majaribio yako weka maksi za maelezo hata 2 kati ya 5, maana wanafunzi wanajua kusoma maksi zinakokwenda, kama maelezo hayana maksi basi mjadala wote wataona ni kupoteza muda.

Kwa kuanzia chukua kipindi kimoja kwa wiki na swali moja la siku zote, mara nyingine au kamwe, dakika 8 basi, na mara mbili tatu za mwanzo tegemea kimya au kelele zisizo na kichwa.