Partagás Short: namna ya kuvuta biri fupi ya Kuba bila kuikimbiza

Mgeni wa biri akiona iliyo fupi hudhani ni nyepesi. Partagás Short haiko hivyo hata kidogo. Ina urefu wa milimita 110 na unene unaoitwa 42, yaani sehemu 42 za inchi iliyogawanywa mara 64, sawa na milimita kama 16 na nusu. Ndani ya umbo hilo kuna tumbaku kali kuliko ile ya biri nyingi zilizo kubwa mara mbili yake. Ukiivuta mbiombio inapata moto, inageuka chungu, na unainuka umechefukwa. Ukiipa dakika arobaini, utapata ladha ambazo biri nyingine huchukua saa mbili kuzitoa. Ndiyo maana katika haya yote nitakayoeleza, ninalolisisitiza zaidi ni mwendo.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Katika biri ndefu moshi husafiri mbali ndipo ukufikie mdomoni, na njiani unapoa. Katika hii fupi, moto uko karibu na mdomo tangu mwanzo. Kila pumzi ya haraka inauchochea, na moshi unafika ukiwa wa moto kabla haujatua.

Tumbaku yenyewe hutoka Vuelta Abajo, mkoa wa Pinar del Río, magharibi mwa Havana, hasa kando ya miji ya San Luis na San Juan y Martínez. Mche mmoja hubeba majani ya tabia tofauti. Ya chini, volado, hayana ladha kubwa lakini yanashika moto vizuri. Ya katikati, seco, ndiyo yenye harufu. Ya juu, ligero, yamepigwa na jua kwa muda mrefu kuliko mengine, kwa hiyo ni mazito, yana mafuta, huungua taratibu na ndiyo yenye nguvu. Msokotaji huyaweka ligero katikati kabisa, akazungushia mengine, kisha akafunga kwa jani la capote. Jani la nje, capa, lina shamba lake: hukuzwa chini ya vitambaa vyepesi vilivyotandazwa juu ya miche, ili liwe jembamba, laini, lenye rangi moja. Biri ikiwa nyembamba, jani hilo la nje huchukua sehemu kubwa zaidi ya ladha. Mimi hulitazama kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Nataka lenye mng'ao kidogo wa mafuta, lisilo na mpasuko, na mishipa yake isiwe minene.

Kwenye kununua kuna udanganyifu mwingi. Ukiwa Havana na mtu akakusimamisha mtaani kukwambia ana ndugu kiwandani, endelea na safari yako. Nunua kwenye duka linalotambulika, kama yale ya La Casa del Habano. Geuza sanduku uangalie chini: kuna maneno yaliyochomwa kwenye mbao, Habanos s.a., Hecho en Cuba na Totalmente a mano. Karibu nayo kuna muhuri wa wino wenye herufi za siri za kiwanda, pamoja na mwezi na mwaka wa kufungwa kwa sanduku. Miezi imefupishwa kwa Kihispania: ENE ni Januari, AGO ni Agosti, DIC ni Desemba. Tarehe hiyo ni ya maana sana kwa Partagás. Ikiwa changa bado ina ukali wa kuchoma ulimi, na baada ya miaka mitatu au minne hutulia na kuwa na utamu ambao hukuutarajia. Sanduku lenye kifuniko cha kioo, usilitazame mara mbili. Ni la bandia.

Halafu kuna kutunza, na sisi wa pwani hapa ndipo penye kazi. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, na biri iliyoachwa kabatini huunywa unyevu huo, ikavimba, ikawa nzito kuvuta na kuzimikazimika. Mwenzangu wa Arusha, miezi ya ukavu, analia na kinyume chake: jani la nje linapasuka akiligusa tu. Si lazima uwe na kasha la fahari. Kontena la plastiki lenye mpira wa kubana kifuniko linatosha, ukiweka ndani pakiti ya kudhibiti unyevu ya asilimia 65, ukaliweka mbali na jua na mbali na jiko. Adui mwingine ni mdudu wa tumbaku, mbawakawa mdogo wa kahawia ambaye mayai yake huanguliwa joto likipanda, na joto letu linamfaa sana. Ukiona matundu madogo ya duara kwenye jani la nje, ujue ameshatoka. Biri nilizoletewa kutoka safari ndefu nazifunga kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa, naziweka kwenye friji siku moja, kisha kwenye friza siku tatu, kisha zinarudi kwenye friji siku moja ndipo nazitoa. Mpangilio huo wa taratibu ni muhimu, maana baridi ya ghafla hupasua jani.

Siku ya kuvuta, kula kwanza. Nasema hivi kwa uzito: nguvu ya Partagás juu ya tumbo tupu huleta kizunguzungu na jasho jembamba. Mimi huvuta baada ya chakula cha jioni, barazani, upepo ukiwa umetulia na watoto wakiwa ndani. Moshi wa biri haupelekwi mapafuni, hukaa mdomoni ukatoka. Hata hivyo madhara yapo, ya kinywa na ya koo, na ndiyo sababu kwangu hili ni jambo la mara mojamoja, si la kila siku. Asiyevuta asishawishike kuanza kwa sababu yangu.

Bonyeza biri kwa vidole, polepole, kuanzia kichwani, yaani upande wa mdomoni, hadi mwisho. Inatakiwa iingie kidogo na kurudi. Pakiwa pagumu kama kijiti, hapo moshi hautapita vizuri. Kichwani utaona kofia ya jani iliyobandikwa kwa mkono. Fundi aliikata kwa chaveta, kisu chake kisicho na mpini, pengine huku akisikiliza msomaji wa kiwanda akisoma gazeti au riwaya kwa sauti, desturi iliyoanza katika viwanda vya Havana mwaka 1865. Kata milimita mbili tu za kofia hiyo kwa kikatio chenye makali. Ukivuka mstari wa kofia, jani la nje litafumuka mkononi.

Kabla ya kuwasha, vuta hewa mara mbili tatu. Ladha hii ya ubaridi watu huiruka, nami naipenda mno: majani makavu, zabibu kavu, na kama harufu ya sanduku la mbao lililofunguliwa baada ya muda mrefu.

Washa kwa njiti ndefu ya kiberiti au kiberiti cha gesi. Cha petroli kina harufu inayoingia kwenye tumbaku, na ukitumia njiti subiri kwanza kichwa chake cha baruti kiishe kuungua. Shikilia ncha ya biri juu ya mwali bila kuigusisha, izungushe mpaka ukingo wote uwe mweusi, ndipo uvute kidogo huku ukiendelea kuzungusha. Ipulizie ncha kwa upole. Ikiwaka nyekundu mahali pote sawasawa, iweke chini uisubiri dakika nzima.

Kuanzia hapo, pumzi moja kwa dakika, au hata chini ya hapo. Vuta, acha moshi uzunguke ulimini, toa. Mara mojamoja pitisha kiasi kidogo cha moshi huo puani wakati wa kutoa, kwani pua ndiyo inayotambua pilipili manga na viungo, si ulimi. Theluthi ya kwanza ya Partagás ni pilipili manga na udongo uliolowa. Ya pili ndiyo ninayoisubiri: kahawa chungu, mbao za mwerezi, ngozi, na utamu wa mbali wa kakao. Ya tatu nguvu inapanda, na hapo ndipo lazima upunguze mwendo zaidi. Ukihisi biri imepata joto vidoleni, iache ipumzike hata dakika mbili. Ikizima, gonga majivu, pasha moto ncha, washa tena, haina aibu. Majivu yenyewe usiyakung'ute kila mara, yaache yafike sentimita mbili, yanasaidia kupoza moto. Pete ya karatasi ivue biri ikishashika joto na gundi kulegea.

Kinywaji cha kwanza kiwe maji. Ukishaifahamu biri, leta kahawa chungu ya kikombe kidogo na kipande cha halua. Chai ya tangawizi iache, inafunika kila kitu.

Zikibaki sentimita tatu hivi na ladha ikawa chungu tupu, iweke kwenye kisahani ijizimie bila kuisaga, maana kuisaga hutoa harufu mbaya. Kisha andika ulichokipata, na mwezi wa sanduku. Wiki nyingine tafuta Ramón Allones Small Club Corona, baadaye El Príncipe ya San Cristóbal de La Habana. Zote mbili ni milimita 110 kwa 42, kipimo kilekile, na kwa mwendo uleule. Ya kwanza ina matunda makavu na unene mdomoni, ya pili ni laini, inaelekea kwenye kakao. Tofauti utakayoionja hapo haitokani na ukubwa hata chembe, ni mchanganyiko wa majani peke yake.