Mwembamba unayetaka kunenepa, usiongeze sahani

Wewe ambaye unakula mpaka unahema na suruali bado inapwaya, achana na sahani ya tatu. Tumbo likijaa limejaa. Ongeza nguvu kwenye chakula kilekile: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, na mdomoni hukisikii. Halafu kunywa. Saga ndizi, maziwa na vijiko viwili vya siagi ya karanga, unywe baada ya mlo. Ukinywa kabla utajikata hamu. Ziada ya kalori 300 hadi 500 kwa siku inatosha. Nyanyua vyuma pia, la sivyo utaota kitambi juu ya miguu ya njiti (nimewaona). Ila kama unakonda ghafla bila sababu, kapime kwanza.