Pesa ya soda inunue samaki: vitafunio vya bethidei ya watoto 20, Tanga

Napika vitafunio vya shughuli za watoto hapa Ngamiani, na kila mzazi anayekuja kwangu huanza na neno moja: bajeti ndogo. Tukikaa chini kuhesabu, naona pesa ipo, ila imeshakwenda kwenye kreti ya soda, katoni ya krispi na keki yenye krimu ya buluu inayotia ndimi rangi siku nzima. Mimi huanza kwa kufuta mstari wa soda. Kreti ina chupa 24, na soda nyingi za kola zina sukari karibu gramu 10 kwa kila mililita 100. Mtoto wa miaka mitano akimaliza chupa ya mililita 350 amemeza vijiko vidogo vinane vya sukari na zaidi. Uliza bei ya kreti dukani kwenu, iandike pembeni. Hiyo ndiyo pesa ya samaki.

Hatua ya 1: Hesabu matonge, si sahani

Mtoto kwenye sherehe hali, anaonja huku anakimbia. Ukimpa sahani ya wali utaizoa chini ya kiti. Mpangie matonge matano au sita ya ukubwa wa kiganja chake: mkate wa kumimina mdogo mmoja, katlesi mbili, na matunda vipande viwili vitatu. Vipimo vya hapa chini ni vya watoto 20, na mikate inabaki michache ya wale wadogo wasioalikwa ambao lazima waje.

Mapema waulize wazazi nani hali mayai, samaki au karanga. Ni swali la dakika moja, na mimi siwashi jiko kabla ya kujibiwa.

Hatua ya 2: Siku moja kabla, sokoni

Nazi mbili, mchele, viazi mbatata na karoti za Lushoto, giligilani, ndimu, vyote utavipata Mgandini. Machungwa ni ya Muheza. Katikati ya mwaka yanakuwa mengi na bei inashuka. Usiyakatae kwa sababu ganda ni la kijani. Kwenye joto la huku chungwa huiva likiwa kijani, kwa hiyo lipime mkononi: zito ndilo lenye maji.

Kama huna friji, samaki usimnunue leo. Mfuate kesho asubuhi.

Usiku roweka mchele vikombe viwili. Mchele wa kawaida unatosha, huo wa gharama uweke kwa pilau.

Hatua ya 3: Mkate wa kumimina, mdogo mdogo

Asubuhi kazi ni ya nazi na mchele tu, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Zikune nazi zote mbili. Kamua tui la kwanza kikombe kimoja na robo. Chuja mchele, weka kwenye blenda na tui, hamira kijiko kidogo kimoja, iliki sita zilizomenywa, na sukari theluthi moja ya kikombe. Mapishi ya nyumbani kwetu ni kikombe kizima. Nimepunguza kidogo kidogo kwa miaka, na hakuna mtoto aliyewahi kulalamika. Waliolalamika ni shangazi zao. Usiitoe yote, maana mkate unakuwa kama uji uliolala.

Saga mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Uji uwe mzito wa kuteleza: ukiinua mwiko, ushuke kama utepe bila kukatika. Ukiwa mzito kupita hapo mkate hupasuka juu na kukauka. Ukiwa mwepesi, chini panaganda kama mpira. Ongeza tui kijiko kimoja kimoja, usimimine.

Funika. Vitabu vingi husema saa nzima, lakini kwa joto la Tanga dakika 30 hadi 40 zinatosha. Ukiona umejaa mapovu na umepanda, usiukoroge tena. Ukikoroga unatoa hewa yote uliyoingojea. Ukiuacha mpaka unuke uchachu, utapanda jikoni kisha uzame katikati.

Paka mafuta vikopo vya keki ndogo, jaza nusu tu. Unapata kama 24. Mwenye oveni aipashe kwanza hadi nyuzi 180, dakika 20 hivi. Mwenye jiko la mkaa apange vikopo ndani ya sufuria pana, afunike kwa bati, makaa machache chini na mengi juu. Chini kukiwa na moto mkali unaungua kabla ya juu kuiva, na harufu ya kuungua haifichwi na iliki. Choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, umeiva.

Kuhusu rangi: nilijaribu maji ya bitiruti nipate mkate wa waridi. Jikoni rangi inafifia inakuwa kahawia isiyoeleweka. Bitiruti yangu sasa inakwenda kwenye barafu, nitakuja huko.

Hatua ya 4: Katlesi za samaki

Nenda mwalo wa Deep Sea asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nachukua jodari nusu kilo ya mnofu, kwa sababu miiba yake ni mikubwa na inaonekana. Kibua ni rahisi na mtamu, ila kwa watoto utakesha unapekua vimiiba.

Kwa samaki wa jamii hii kuna jambo lazima ulijue. Akikaa juani bila barafu, kwenye nyama yake hutengenezeka kitu kinachowasha: midomo inachoma, uso unakuwa mwekundu, tumbo linavuruga. Kupika hakukiondoi, na kumkaanga mara mbili ni kujidanganya. Kwa hiyo ndoo yenye barafu naibeba mwenyewe kwenye baiskeli. Samaki akiwa vuguvugu mkononi mwa muuzaji, nageuza baiskeli na siku hiyo katlesi zinakuwa za dengu.

Chemsha samaki na maji kidogo, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na chumvi. Akipoa, mchambue kwa vidole, si kwa uma. Kidole ndicho kinachohisi mwiba. Chemsha viazi kilo moja na maganda yake ili visinywe maji, menya, ponda vingali moto. Changanya na samaki, karoti mbili zilizokwaruzwa na giligilani. Pilipili hakuna, hata ya kunong'ona.

Finyanga madonge ya ukubwa wa ndimu kubwa, yabonyeze kidogo. Unapata 40 hivi. Chovya kwenye yai, kisha kwenye chenga za mkate mkavu, halafu kaanga kwenye kikaango kilichopakwa mafuta kidogo tu, dakika tatu kila upande. Kuzizamisha kwenye karai ni kununua mafuta mengi yanywewe na viazi. Zikikuvunjikia, viazi vina maji: rudisha mchanganyiko jikoni, ukoroge kwa moto mdogo ukauke.

Hatua ya 5: Matunda na barafu

Zamani nilikuwa nachomeka matunda kwenye vijiti vya mishikaki. Yalipendeza sana kwa dakika tano, kisha wavulana wakawa na mapanga. Siku hizi naweka kwenye vikombe vya karatasi: tikiti, papai, pande za chungwa. Ndizi ikamulie ndimu isiwe nyeusi. Zabibu zipasue kwa urefu, maana nzima inaziba koo la mtoto. Kwa sababu hiyo hiyo bisi, karanga na kashata nawawekea wakubwa tu, wa miaka mitano kwenda juu, tena wakiwa wamekaa.

Barafu igandishe jana yake: juisi ya chungwa au ukwaju, na kijiko kimoja au viwili vya maji ya bitiruti. Hapo rangi inabaki ile ile, nyekundu ya kupigania. Mimina kwenye vikombe vidogo, simamisha kijiti ikianza kushika. Kiu inamalizwa na maji baridi yenye vipande vya ndimu, jagi kubwa, mahali wanapofikia wenyewe.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Katlesi zifinyange usiku ukiwa na friji (yaani samaki anunuliwe asubuhi ya jana), au asubuhi ile ile kama huna. Kaanga saa moja kabla ya wageni. Chochote chenye samaki au yai kisikae mezani zaidi ya saa mbili, na kwa joto la Januari nahesabu saa moja. Toa nusu kwanza, nusu ibaki ndani imefunikwa.

Toa chakula kabla ya keki. Ukianza na keki, katlesi zitarudi kwako zote.

Vya kubeba nyumbani funga kwenye bahasha za kaki. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Weka mkate wa kumimina peke yake, ukikutana na chungwa unalowa.

Bibi wa mwenye shughuli apelekewe sahani yake mapema, na chai, kabla watoto hawajafika. Mara moja nilisahau, nikahesabu katlesi 40 zikawa 31.