Kuandaa pikipiki kwa safari ndefu: fanya kazi hii kwa mikono yako

Tangu nianze kusafiri masafa marefu kwa pikipiki, injini haijawahi kunilaza njiani hata mara moja. Vilivyonilaza ni vitu vidogo: pancha, kebo iliyokatika, nati iliyojifungua kimya kimya. Ndiyo maana mwongozo huu hauzungumzii sana injini. Unahusu vidogo hivyo, na unakutaka uvishughulikie mwenyewe ukitumia zana zilezile utakazosafiri nazo. Fundi mzuri atakuandalia pikipiki vizuri, lakini fundi humbebi kwenye kerea.

Anza wiki sita kabla ya kuondoka. Kifaa chochote kipya kifungwe mapema ili wiki mbili za mwisho zibaki za majaribio tu. Kifaa kilichofungwa jana ndicho cha kwanza kukusumbua kesho.

Hatua ya 1: Osha, kisha shika kila nati

Osha kwa ndoo na brashi. Maji ya mashine yenye kasi kubwa husukuma grisi nje ya beringi, kwa hiyo yaache. Pikipiki ikishakauka, iwashe na uiendeshe kidogo, kisha ichunguze kwa tochi: kama kuna oili inayovuja, utaiona sasa kwa kuwa hakuna tope la kuificha.

Pita kila bolti na nati kwa spana. Ukimaliza kukaza nati muhimu (za kerea, breki, shokomzoba, mabano ya injini), chora kwa rangi nyeupe mstari mwembamba unaotoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho kando yake. Njiani, kila asubuhi, hutahitaji spana. Unachuchumaa na kuangalia mistari. Penye mstari uliokatika, nati imezunguka. Kazi ya dakika mbili, na ndiyo desturi yangu pekee ambayo sijawahi kuiruka.

Hatua ya 2: Cheni na sproketi

Hapa chukua muda wako. Vuta cheni kwa kidole kuelekea nyuma, pale inapokumbatia sproketi ya nyuma. Ikiinuka hadi uone nusu ya jino, imekwisha. Angalia na meno yenyewe: yakiwa yamepinda upande mmoja kama kucha za ndege, badilisha cheni pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya sproketi kuukuu italiwa haraka.

Pikipiki nyingi huhitaji ulegevu (jinsi cheni inavyopanda na kushuka katikati ya sproketi mbili) wa milimita 25 hadi 35. Zile za njia mbaya, zenye springi ndefu, huhitaji zaidi. Kauli ya mwisho ni ya kitabu cha pikipiki yako. Pima sehemu kadhaa huku ukizungusha gurudumu, kwa sababu cheni hailiki sawasawa, kisha rekebisha kwa kufuata pale ilipobana zaidi. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kukaza mno. Pikipiki ikibeba mzigo na kudumbukia shimoni, cheni iliyobana haina pa kwenda, inavuta beringi ya gia na kuiharibu. Kati ya kulegea kidogo na kubana kidogo, mimi nachagua kulegea.

Kama cheni yako ina vipete vya mpira ndani, isafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini. Petroli na brashi ya waya huvila vipete hivyo. Ipake mafuta jioni, mara tu unaposimama, ikiwa bado ina joto, ili yapenye usiku kucha. Ukipaka asubuhi na kuondoka papo hapo, mafuta mengi yataishia kwenye rimu.

Hatua ya 3: Vimiminika na umeme

Oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2 (kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki). Klachi ya pikipiki nyingi huogelea katika oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Kama yana zaidi ya miaka miwili, yabadilishe, maana kwenye mteremko mrefu unyevu huo huchemka na breki inakuwa laini kama sifongo. Pedi zilizobaki na milimita 2, zitoe.

Betri iliyopumzika usiku mzima isome takriban volti 12.6. Injini ikiwaka na kuongezwa moto kidogo, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, mfumo wa chaji una tatizo, na betri mpya haitakuokoa.

Kebo ya klachi: nunua ya akiba na uilaze sasa hivi kando ya ile inayofanya kazi, ncha zake zikiwa zimezibwa kwa tepu. Inayotumika ikikatika, unahamisha ncha mbili na safari inaendelea, bila kufungua tangi.

Hatua ya 4: Fungua gurudumu nyumbani

Kwanza kagua. Inua pikipiki, shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, beringi imechoka. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Kisha tafuta ubavuni mwa tairi tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2322 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2022. Tairi zee huwa gumu hata kama kashata zake bado ni nene.

Sasa toa zana zote utakazobeba, zitandaze chini, na ufungie kabati zana nyingine zote. Toa gurudumu la nyuma, toa tyubu, irudishe, ijaze upepo. Kwa pampu yako. Kwa taileva zako, yaani vyuma bapa vya kung'olea tairi kwenye rimu.

Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili niligundua kwamba sina spana inayotosha nati ya ekseli. Nilikuwa na spana kumi na nne, na hiyo moja haikuwepo. Mara ya pili nilikuwa nayo, lakini nilitoboa tyubu mpya kwa taileva yangu mwenyewe, mita tano kutoka kitandani kwangu. Nililaani, lakini nilijifunza.

Siri iko hapa. Katikati ya rimu kuna bonde. Unapopandisha ukingo wa tairi upande mmoja, upande wa pili uwe umezama ndani ya bonde hilo, nawe uukandamize kwa goti usitoke. Ukihisi unatumia nguvu nyingi, simama: ukingo umetoka bondeni, na nguvu ya ziada itaipata tyubu. Ijaze tyubu upepo kidogo kabla ya kuiingiza, ipate umbo na isijikunje chini ya taileva. Paka ukingo maji ya sabuni. Maliza kwa kuvuta vipande vifupi vifupi, upana wa vidole vitatu kwa wakati mmoja.

Kama gurudumu la mbele ni la inchi 21 na la nyuma ni la 18 au 17, na nafasi ni finyu, beba tyubu ya mbele tu. Kwa dharura huingia nyuma na kukufikisha. Ya nyuma haiingii mbele.

Hatua ya 5: Mzigo

Kitabu cha pikipiki kina kikomo cha mzigo, na wewe umo ndani yake. Kama ni kilo 180, na wewe na mavazi yako mna 95, umebakiwa na 85. Kutoka humo toa masanduku yenyewe, fremu zake, maji, na petroli ya akiba. Utashangaa kinachobaki.

Vizito vikae chini na karibu na katikati ya pikipiki, vyepesi juu na nyuma. Masanduku ya chuma hufungwa kwa ufunguo, lakini kwenye mchanga, ukitoa mguu kujizuia, unaweza kubanwa nayo. Kwa njia mbaya mimi natumia mifuko laini. Ukishapakia, kaza springi ya nyuma, kisha teremsha taa ya mbele. La sivyo utakuwa unamulika nyota.

Hatua ya 6: Mavazi

Kofia iliyowahi kupigwa chini kichwa kikiwa ndani haifai tena. Viatu vifunike vifundo vya miguu. Ziba masikio: kwa kilomita 100 kwa saa upepo ndani ya kofia huvuka desibeli 90, na kelele hiyo huchosha mwili kuliko unavyodhani. Koti la mvua liwe juu kabisa ya mzigo, maana mvua haisubiri ufungue kamba tatu. Mkanda wa kuzuia damu kutoka uwe mahali ambapo mkono mmoja unafika.

Hatua ya 7: Safari ya majaribio

Siku mbili, mzigo kamili, usiku mmoja nje. Jaza tangi hadi shingoni, enda angalau kilomita 150, jaza tena na uandike lita. Ukitumia lita 6 kwa kilomita 150, tangi la lita 16 ni kilomita 400 kwa hesabu, ila wewe panga kwa 300. Upepo wa mbele na mchanga hula sehemu iliyobaki.

Ukirudi, usipakue mara moja. Zunguka na tochi, angalia mistari ya rangi, shika kila kamba, pima cheni tena. Kisha mwaga kila kitu sakafuni. Nguo ambayo hukuivaa ibaki nyumbani. Spana ambayo hukuitumia, ijaribu kwenye nati zote: isipoingia popote, nayo ibaki.